Kioo cha Mnara wa Nyuma

Pingu zilifika uwanjani kabla ya ushahidi. Koplo alikuwa amezitundika kidoleni, anazichezesha kama mtu mwenye funguo za gari jipya, na kila zilipogongana yule mwanamke aliyekaa juu ya sanduku la nyaya alifumba macho.

"Kwanza, rudisha hizo mfukoni," Inspekta alimwambia. "Unamtishia nani?"

Koplo akazirudisha, tena kwa adabu. Kituoni walimwita Inspekta huyu Mama Kwanza, kwa sababu kila swali lake lilianza na neno hilo, na hajatokea mtuhumiwa aliyebahatika kuisikia "pili". Ukijibu la kwanza, linakuja la kwanza jingine, hadi unajikuta umeshasema hata usiyoulizwa.

Kesi ilionekana nyepesi, na hilo ndilo lililomkera. Jioni ile watu walitarajiwa kujaa uwanjani kutazama onyesho la leza. Jana yake, giza lilipoanza kuingia, wenye kazi walifanya jaribio la mwisho. Mashine zimefungwa juu ya jukwaa la mbele. Zinarusha miali juu ya vichwa vya watu hadi kwenye mnara wa vyuma ulio nyuma ya uwanja. Kwenye mnara huo kuna kioo, nacho kinairudisha miali mbele, juu zaidi, hata mtazamaji anajiona amefunikwa na dari ya nuru. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini katika wimbo wa mwisho, mwali mmoja wa kijani ulirudi umeshuka. Ukamkuta fundi sauti kwenye hema lake katikati ya uwanja, ukampiga jicho la kulia. Daktari alishasema, bila kuzunguka, kwamba jicho lile halitaona tena.

Fundi sauti aliitwa Kitinda, maana ndiye kitindamimba wa Bi Mkubwa, mwenye kampuni. Aliyekuwa akiendesha leza alikuwa mke wa kaka yake. Mwanamke huyo uwanja mzima, kuanzia madereva hadi wachomeleaji, walimwita Shemeji, kama vile mumewe alikuwa na ndugu kila kona. Ndiye huyu aliyekaa juu ya sanduku.

Na ugomvi ulikuwepo. Wiki iliyopita Bi Mkubwa alitangaza mezani kwamba amechoka, na kwamba baada ya onyesho hili mitambo yote itakuwa chini ya Shemeji. Kitinda aliinuka, akabamiza mlango, na tangu siku ile yeye na shemeji yake hawakusemeshana isipokuwa kwenye redio za kazi. Mkuu wa Kituo alipoyasikia hayo hakutaka zaidi. "Mwanamke alikuwa na mashine, alikuwa na chuki. Nataka awe ndani kabla watu hawajaanza kuingia." Kujeruhi kwa kukusudia si kosa la kulipia faini ukaenda zako. Shemeji alikuwa na binti wa chekechea, na nyumba aliyolala ilikuwa ndani ya ua wa mama mkwe wake. Akitoka hapa na pingu, hana kazi, hana mtoto, hana mlango wa kugonga.

Ila kuna kitu kilimkwama Mama Kwanza kooni tangu asubuhi. Aliyepewa ndiye amdhuru aliyenyimwa? Kwa lipi? Kinyume chake angekielewa upesi.

Akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele ya Shemeji.

"Kwanza, niambie. Mwali ulishukaje?"

"Kwa mashine yangu haushuki, Afande." Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Njoo uone mwenyewe."

Wakapanda jukwaani. Shemeji akamwonyesha mdomo wa mashine, na kipande cha bati kilichofungwa kwa skrubu kuziba nusu ya chini ya mdomo huo, juu yake tepu nyeusi. Bati likikaa hapo, mwali hauwezi kutoka kuelekea chini, labda utoboe chuma. Mama Kwanza akainama hadi pua ikakaribia kugusa. Vumbi lilikuwa limetanda sawasawa juu ya tepu na juu ya skrubu. Hakuna mkono uliopita hapo karibuni.

"Hata niwe na hasira kiasi gani," Shemeji alisema, "hautoki chini ya hapa."

"Basi ni kioo."

"Ni kioo."

"Na kioo alikifunga nani?"

"Mimi."

Koplo akakohoa, kikohozi kile cha mtu aliyeshinda dau. Mama Kwanza hakumgeukia. Alikuwa anamtazama mwanamume mmoja chini ya jukwaa, anayekunja waya. Anaukunja vizuri, anauweka chini, halafu anaukunjua na kuanza upya.

"Yule ndiye mumeo?"

"Ndiye. Wanamwita Kaka."

"Amekuja kukaa nawe tangu asubuhi?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Ana kazi," akasema.

Hivi kuna kazi gani ya kukunja waya uleule, jamani, na mkeo yuko chini ya ulinzi hatua chache kutoka hapo? Mama Kwanza alilimeza swali hilo, akashuka.

Mnara wa nyuma ulikuwa na ngazi nyembamba ya chuma, na magoti ya Mama Kwanza hayakuwa ya juzi. Alipanda akiguna, Koplo nyuma yake ameinamisha uso kwa heshima. Juu walikikuta kioo, ukubwa wa sinia, kimeshikwa na mkono wa chuma na nati moja nene. Juu ya nati palikuwa na rangi nyekundu inayong'aa, mstari mmoja mfupi. Kipande kingine cha mstari huohuo kilikuwa kwenye bamba la chuma linalobeba nati. Vipande hivyo vilipaswa kuwa mstari mmoja ulionyooka. Havikukutana.

"Rangi ya kucha," Mama Kwanza alisema.

Akamwita Shemeji kwa redio, naye akaeleza akiwa chini kabisa, sauti inakwaruza. Ukishakielekeza kioo na kukaza nati, unachora mstari unaovuka nati hadi kwenye bamba. Asubuhi ukipita unatazama tu. Mstari ukiwa mzima, hakijaguswa. Ukikatika, kuna kitu kimezunguka. Ukilazimika kukigeuza kioo, unafuta mstari wa zamani na kuchora mwingine.

"Na hiyo rangi inakaa wapi?"

"Mfukoni mwangu, Afande. Siiachi popote."

"Nani wengine wanaijua alama hii?"

"Wote. Mume wangu, Kitinda, Fundi Moshi. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha."

Koplo alikuwa ameshapata jawabu lake. "Ni upepo, Afande. Jana ulivuma sana. Umeilegeza nati, kioo kikainama."

"Kwanza, ishike."

Koplo akaishika nati kwa vidole. Akaibana kwa mkono mzima. Mishipa ya shingo ikamtoka, nati kimya.

"Upepo unalegeza, mwanangu. Mimi sijauona upepo unaokaza." Mama Kwanza akapangusa mikono. "Mtu alipanda hapa, akaifungua, akakiinamisha kioo, akaikaza tena kwa spana. Na hakuchora mstari mpya, maana rangi hakuwa nayo. Mwenye rangi ni mmoja tu."

"Anaweza kuwa aliacha kuchora makusudi, ili aseme hayohayo."

"Anaweza. Ndiyo maana bado tupo juu ya chuma na mimi magoti yananiuma."

Spana kubwa ya kuingia kwenye nati ile ilikuwa moja uwanjani, na mwenyewe hakuwa mgumu kupatikana. Fundi Moshi alilinda jenereta na mashine za moshi. Bila moshi mwali hauonekani hewani, kwa hiyo alijiona kuwa ndiye onyesho lenyewe na wengine wote ni wapambe. Walimkuta amekaa kwenye dumu, spana mapajani, jasho linamtiririka na jua lishaanza kupoa.

"Kwanza, jana katika wimbo wa mwisho ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, Afande. Sijabanduka. Haki ya Mungu tena."

"Shemeji alikuita kwenye redio ugeuze mashine ya moshi, upepo ulikuwa umebadilika. Alikuita na kukuita. Hukujibu."

"Redio ilikuwa na mikwaruzo."

"Niiwashe?"

Fundi Moshi akaitazama redio, akamtazama Koplo, akaitazama tena redio kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Spana ikamponyoka ikaangukia mguu wake. "Nililala," akasema. "Jenereta likinguruma mimi nashikwa na usingizi, nifanyeje? Msimwambie Bi Mkubwa, tafadhali. Atanifukuza leo hii."

"Na spana ilikuwa wapi umelala?"

"Hapa juu ya jenereta. Inaazimwa na kila mtu, mimi ni kama duka. Hawaombi hata." Alisugua vidole vya mguu. "Jana tu Kaka aliichukua. Nilimwona kwa macho yangu."

Mama Kwanza akasogea. "Kabla au baada ya ajali?"

"Baada. Wamo katika kumbeba Kitinda, makelele hayo, ndiyo yaliyoniamsha. Yeye akaja mbio akaikwapua, akakimbilia kule nyuma."

"Mnarani?"

"Mnarani. Mimi nikajua anakwenda kuchunguza."

Koplo macho yalimtoka. Mumewe! Alikuwa tayari kumfuata Kaka saa ileile, lakini Mama Kwanza akamshika kiwiko. "Kioo kiligeuzwa kabla. Aliyekwenda baada alikwenda kufanya nini? Muache aendelee kukunja waya wake. Kwanza twende kwa mama mtu."

Bi Mkubwa alikuwa kwenye hema la ofisi, mezani, simu yake iko mbele yake kwenye chaji, mkoba mapajani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, ila leo mikono yote miwili ilikuwa imeukumbatia ule mkoba kama aliyeko kwenye kituo cha basi chenye vibaka. Hakungoja kuulizwa.

"Bado yuko hapa? Mnangoja nini? Nimempa mitambo yangu, nimempa mwanangu amwoe, yeye kanipofushia mwana. Mpelekeni, Afande. Mimi sina la kuongeza."

"Pole sana, mama. Kwanza, nani alimfikia Kitinda wa kwanza?"

"Mimi. Nilikuwa nyuma ya hema la sauti. Nilimsikia akipiga ukelele nikakimbia na huu unene wangu."

"Ulimkuta amekaa au amesimama?"

"Ameanguka. Kando ya kiti."

"Kando ipi?"

"Sikupima, mwanangu. Mtoto analia, mimi nipime?"

"Haki yako. Hospitali wanasema alifika hana simu. Kijana wa sauti, hana simu?"

"Mimi sijui habari za simu."

Ndipo mkoba ukatetemeka. Mngurumo mfupi, ukakoma, ukaanza tena. Simu ya Bi Mkubwa ilikuwa palepale mezani, kimya, kioo chake cheusi.

"Alamu ya dawa zangu za presha," Bi Mkubwa alisema, na kuusukuma mkoba chini ya meza kwa mguu.

Mama Kwanza aliaga vizuri, akamtakia mgonjwa afya. Nje ya hema alikitazama kile kibao kilichopigiliwa getini, ambacho alikuwa amekisoma asubuhi bila kukitilia maanani: USIELEKEZE SIMU KWENYE MASHINE ZA LEZA. Akamwita Shemeji pembeni.

"Kwanza, kile kibao cha nini?"

"Leza inaunguza kamera, Afande. Mwali ukiingia kwenye kamera ya simu, simu inaendelea kufanya kazi, lakini kila picha utakayopiga tangu siku hiyo itakuwa na mstari. Haufutiki."

"Ahaa," alisema Mama Kwanza, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Akawakusanya wote kwenye hema la sauti. Lilikuwa hema la wazi pande zote isipokuwa ubavu mmoja, uliozibwa kwa turubai jeupe. Meza ya sauti ilitazama jukwaani. Nyuma ya meza palikuwa na kiti cha Kitinda, na kwenye mgongo wa kiti mtu alikuwa ameegemeza ubao mweupe wa plastiki, ule wa kufunikia masanduku.

"Wa nini huu?" aliuliza Mama Kwanza. Hakuna aliyejua. Fundi Moshi alidhani ni wa kuzuia jua. Wakati wa magharibi, jua lipi?

"Sasa, kila mmoja atoe simu yake apige picha ya turubai hili. Turubai tu, halafu anionyeshe."

Wakatazamana. Fundi Moshi akapiga. Picha safi, isipokuwa kidole gumba chake kimekaa robo nzima. Kaka akapiga; safi. Shemeji, safi. Bi Mkubwa alimpa Kaka simu ampigie, maana yeye kamera haziwezi; safi vilevile.

"Tumemaliza?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Bado ile ya mkobani."

"Nimekuambia ni alamu."

"Basi tuipigie picha alamu."

"Mkoba wa mwanamke haupekuliwi ovyo! Huna hata aibu, mtu mzima na—"

Mkoba ukanguruma. Safari hii haukukoma. Watu wa kumpa pole Kitinda hawakuwa wachache, na kila mmoja aliona apige mwenyewe. Bi Mkubwa alisimama, mkoba kifuani, na hema zima likabaki kusikiliza. Mwisho Kaka akanyoosha mkono, taratibu, akaufungua mkoba wa mama yake, akaitoa simu. Ilikuwa na kava la bluu. Shemeji aliufunika mdomo wake kwa kiganja, maana kava lile alilijua.

Mama Kwanza hakuhitaji neno la siri. Kamera ya simu hufunguka hata simu ikiwa imefungwa. Akaielekeza kwenye turubai jeupe, akabonyeza. Mstari wa waridi ulikata picha kutoka juu hadi chini.

"Kwanza, mniambie jambo," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Fundi sauti anatazama wapi?"

"Jukwaani," Koplo alijibu.

"Na mwali ulitoka wapi?"

"Kwenye mnara wa nyuma."

"Yaani mgongoni kwake. Tangu asubuhi kila mtu ananiambia mwali umempiga jicho, na mimi nimezunguka na jambo hilo siku nzima kama bwege. Mtu aliyekaa kazini kwake angepigwa kisogoni. Angeungua nywele. Kitinda alipigwa jicho kwa sababu aliipa meza yake kisogo wakati wimbo wa mwisho unapigwa, akasimama kando ya kiti chake, akautazama mnara, simu ameiinua. Na kiti amekiwekea ubao mweupe ili doa la kijani lionekane vizuri."

Koplo akaanza kuuelewa. "Alijua unakuja."

"Aliuita. Alipanda mchana, akakiinamisha kioo mwali uje utue kwenye kiti, kiti kitupu. Hakutaka kumuumiza mtu. Alitaka picha. Amwonyeshe mama yake: tazama mkweo, huyu ndiye unayempa mitambo, angeniua nilipokaa." Akamgeukia Shemeji. "Kwanza, ukikaza nati ile, kioo kinabaki palepale?"

Shemeji alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza tena lakini sauti ilisimama. "Hakibaki. Mzunguko wa mwisho unakivuta kidogo. Lazima ukishike kwa mkono mwingine. Hapo juu kikivutwa kidogo tu, huku kwenye hema mwali umeshahama kiti."

"Hakukishika. Mwali ukapita kando ya kiti, ukamkuta aliposimama. Ukaunguza kamera kwanza. Picha kwenye simu ikaingia mstari mbele yake, na yeye, kama ambavyo ungefanya wewe au mimi, akaishusha simu aone imekuwaje." Mama Kwanza akaiweka simu kwenye mfuko wa plastiki. "Mwali ukarudi mara ya pili, na jicho liko wazi."

Bi Mkubwa akakaa kwenye kiti cha mwanawe, juu ya ubao na yote. Ule ukali ulimtoka wote, akabaki mama mzee tu.

"Nilimkuta ameanguka, uso ameuelekeza mnarani," alisema. "Nikajua palepale. Kazi hii nimeifanya nyinyi nyote hamjazaliwa. Mtu hageukii mnara kama hana anachokingoja. Nikaiokota simu. Ningefanya nini? Amepoteza jicho, Afande. Nimpe na jela?"

"Ukaona bora nipelekwe mimi," Shemeji alisema.

Mama Kwanza alikuwa amemgeukia Kaka.

"Na wewe. Jana ulichukua spana ukakimbilia mnarani. Ulikwenda kufanya nini?"

"Kuangalia kioo."

"Kwa spana?"

"Niliiona alama imekatika." Alisema akitazama nyasi. "Nikajua si mke wangu. Yeye hawezi kuacha bila kuchora."

"Jana," Mama Kwanza alisema. "Ulijua jana. Na spana?"

Nje, jenereta lilikohoa likakaa sawa.

"Nilitaka kukirudisha mahali pake. Isijulikane kama kimeguswa. Halafu wakaniita nisaidie kumpakia kwenye gari, nikashuka."

Shemeji alimtazama mumewe muda mrefu, kama anayesoma bango lililoandikwa vibaya. "Kioo kingerudi mahali pake," alisema polepole, "ingebaki nini? Ingebaki mashine. Na mashine ningebaki nayo mimi tu."

"Sikufikiria hivyo. Wallahi, sikufikiria—"

"Najua hukufikiria."

Bi Mkubwa alinyoosha mkono kuushika wa mkwewe. "Mwanangu, na wewe ni mama. Niambie ukweli. Angekuwa binti yako, usingeificha ile simu?"

Shemeji alifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. Alifikiri, kwa kweli alifikiri, hata Koplo akaacha kupumua.

"Kuificha ningeificha, Mama," alisema. "Ila nisingemwonyesha askari mtu mwingine."

Mkono wa Bi Mkubwa ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi mapajani.

Jua lilikuwa linazama na getini watu walishaanza kupanga foleni na watoto wao mabegani. Mama Kwanza alimtuma Fundi Moshi akawaambie leo hakuna leza, na Fundi Moshi akaenda akiburuta miguu kama ndiye aliyefiwa. Mitambo ikazimwa, makasha yakafungwa kwa lakiri ya polisi. Bi Mkubwa aliambiwa atafuatana nao kituoni kueleza jinsi ushahidi ulivyoingia mkobani mwake. Kitinda angehojiwa palepale kitandani hospitali. Bi Mkubwa hakubisha. Koplo hakuzigusa pingu.

"Kwanza, wewe uko huru," Mama Kwanza alimwambia Shemeji. "Una pa kwenda usiku huu?"

"Namchukua mtoto, naenda kwa dada yangu."

"Panda gari, tutakupitisha."

Shemeji alilitazama gari la polisi. Bi Mkubwa alikuwa ameshaingizwa kiti cha nyuma, mkoba mtupu mapajani. "Asante, Afande. Nitatembea."

Akaitoa redio ya kazi kiunoni, akaiweka juu ya sanduku la nyaya, akashika njia ya getini. Watu waliokuwa wanarudi kwa manung'uniko walimpisha bila kujua wanampisha nani. Hakwenda haraka. Yeyote aliyetaka kumfikia angemfikia kwa kutembea tu.

Kaka alikuwa amesimama katikati ya gari na geti. Alimtazama mkewe akitokomea kwenye kundi la watu, akamtazama mama yake kupitia kioo cha gari. Mama Kwanza, mkono kwenye mlango wa mbele, alimsubiri. Hakumharakisha wala hakumsaidia. Jambo hilo halikuwa la polisi.

Kaka akafungua mlango wa nyuma, akaketi karibu na mama yake.